Dakika Nne Nyuma ya Mlango wa Basi

Chumba namba 6, ghorofa ya tatu,
Bweni la Wafanyakazi,
Nyuma ya karakana ya matrela.

Jumapili, tarehe 9 Juni.
Leo inatimia miaka minne, miezi miwili na siku kumi na moja tangu nibebe begi langu nikawaacha mlangoni.

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo, bwana mkubwa? Magoti yanasemaje? Na dada yangu, mama yako, presha yake imetulia au bado inapanda kuliko wewe unavyopanda kilima? Bibi anaona vizuri baada ya kutolewa mtoto wa jicho? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo siku hizi hauinuki kitandani mpaka niubembeleze.

Barua yako imenifikia, nimeisoma mara tatu. Ninajibu kwa kalamu kwa sababu simu ya hapo nyumbani husikilizwa na nyumba nzima, mpaka jirani. Ukimaliza kusoma, hii iweke mbali na macho ya mama yako. Utaona kwa nini.

Umeniuliza jambo moja. Mwalimu wa klabu yako ya baiskeli amekupa boksi la sindano za kuongeza nguvu, mchujo wa kuingia timu ya kulipwa ni tarehe tatu Oktoba, na unataka kujua kwangu mimi niliye huku kwenye mashindano ya wakubwa: ukichoma, utakamatwa, au vipimo ni geresha tu?

Kwanza nilikasirika. Kama barua ingekuwa na mkono, ingekuzaba kofi. Halafu nikajiambia, aliyekwisha kuchoma haulizi. Boksi umelificha ndani ya kiatu kibovu na bado unauliza. Hapo nikatulia.

Kazi yangu mnaijua. Alfajri tunashusha vizuizi vya chuma kutoka kwenye lori na kuvipanga kando ya barabara, jioni tunavipakia tena. Msimu huu nimeongezewa nyingine. Daktari anayesimamia vipimo, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, alipungukiwa watu, akaja kwenye kundi letu la vibarua akanichagua. Alisema ni kwa sababu mimi peke yangu sijawahi kumwomba mpanda baiskeli tupige picha. Sikumwambia kwamba kamera ya simu yangu ilikufa zamani.

Basi nikivaa kizibao cha njano naitwa msindikizaji. Mtu akishavuka mstari na jina lake likawa kwenye karatasi ya Daktari, ninamfuata kama kivuli. Akinywa maji ninamwona, akihojiwa nipo, akijifuta jasho nipo, mpaka aingie kwenye trela jeupe, akojoe mbele ya mpimaji, mkojo ugawanywe kwenye chupa mbili. Chupa anachagua mwenyewe na kifuniko anafunga mwenyewe. Kinalia kre-kre-kre, na kikishafika mwisho hakifunguki tena ila kwa kuvunjwa maabara. Kazi yangu haina elimu yoyote, mpwa wangu. Ni macho tu. Na macho hayo ndiyo yaliyoniponza.

Kuna bingwa mmoja wanamwita Mchwa, kwa jinsi anavyotafuna milima. Mwezi wa nne alishinda akiwa peke yake, wenzake wakaja baadaye wamelegea kama nguo iliyofuliwa. Watu wakaanza kunong'ona palepale. Jina lake lilikuwa kwangu. Nikamfuata mpaka kwenye basi la timu. Mlangoni meneja wao akaniwekea mkono kifuani, kwa upole kabisa.

"Mzee wangu, anabadilisha nguo. Mpe heshima kidogo."

Na mimi nikampa! Unajua tulivyolelewa nyumbani kwa bibi yako: mtu mzima akivua nguo unageuza uso. Nikageuka nikatazama barabara. Mlango ukafungwa nyuma yangu, pshii. Ndipo nikakumbuka kazi yangu ni ipi. Nikaangalia ile saa aliyonivalisha mama yako siku ninaondoka. Mlango ulipofunguka zilikuwa zimepita dakika nne. Mtu mwenye nia mbaya, dakika nne zinamtosha kufanya mambo mengi.

Kwenye fomu kuna mahali msindikizaji anajibu kama alimwona mtu wake muda wote. Nikasimama na kalamu. Meneja akanisogelea tena.

"Weka alama yako twende zetu, mzee. Dakika nne nani amezihesabu?"

"Nimezihesabu mimi."

"Utafukuzwa wewe, siyo sisi."

Hapo alisema kweli, na nilijua. Nilifikiria kodi ya chumba, nikafikiria ninyi. Lakini nikaandika: sikumwona kwa dakika nne, kosa ni langu, niliona haya. Daktari akasoma. Akaninyanyulia uso.

"Uliona haya?"

"Ndiyo, Daktari. Alikuwa anavua nguo."

"Mwenzangu, hapa tunawalipa watu wasione haya."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakunifukuza. Alichukua mkojo wa Mchwa, akamkalisha, akamtoa damu, akamwambia anywe maji mpaka atoe mkojo wa pili. Kwa saa tatu tulikaa ndani ya lile trela, mimi na Mchwa tukitazamana kama majirani wenye kesi ya kuku. Chakula cha jioni kilimpita.

Majibu yalichukua wiki tano. Wakati huo magazeti yalimtafuna yule Mchwa kama anavyotafuna yeye milima. Timu nyingine zikaomba kumbukumbu za siku ile zitazamwe, wakitumaini watakuta zimechezewa. Wakakuta dakika nne zimeandikwa wazi kwa mwandiko wangu mbovu, na chini yake damu na chupa za mara ya pili. Zote safi. Kelele zikafa. Nimelala nikiliwaza sana jambo hilo. Kama ningeweka ile alama ya uongo, halafu mtu mmoja aliyeona mlango ukifungwa akasema, nani angeamini lolote lililo kwenye karatasi ile? Waliamini usafi wake kwa sababu tulikuwa tumekiri kosa letu.

Wiki iliyopita jina lake likaniangukia tena. Akanitambua.

"Wewe si ndiye mzee wa dakika nne?"

"Ndiye mimi."

"Uliniharibia chakula changu." Halafu akafungua mlango wa basi mwenyewe. "Leo ingia. Ingia kabisa, keti hapo mbele, nitazame mpaka uchoke."

Nikaingia nikakaa. Na nikamtazama, mpwa wangu, bila haya hata tone. Ana mbavu kama za mbuzi wa kiangazi. Meneja alikuwa anachungulia nje ya dirisha kana kwamba anahesabu mawingu.

Sasa nikujibu bila kukupaka mafuta. Je, wapo wanaopita bila kukamatwa? Wapo. Hata wenye kizibao kama changu huwasema wakati wa kula. Vipimo havijui kila kitu, na wenye dawa hawalali. Lakini zile chupa hazitupwi. Zinawekwa kwenye baridi kwa miaka, na maabara ikijifunza mbinu mpya inazitoa na kuzipima upya. Mwaka jana nilimwona mtu mwenye nywele za mvi, ameshastaafu, ana duka lake la baiskeli, kaletewa barua juu ya mkojo aliokojoa zamani. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka mchana kweupe, hafungui wala hafungi. Mkojo hauna haraka.

Hata hivyo sitaki ukatae kwa kuogopa chupa tu. Na hapa ndipo mama yako asifike. Mwaka wangu wa kwanza huku nilibeba saruji. Mnyapara alikuwa anatugawia vidonge vyeupe asubuhi, na sikuuliza ni vya nini. Nilipandisha mifuko ghorofani kama punda mwenye wazimu, nikasifiwa, nikaitwa Winchi. Nikajiona mwanaume. Siku moja moyo ulianza kupiga mbio mwili ukiwa umesimama, nikaanguka kwenye ngazi na mfuko juu yangu. Mgongo huu ninaowalalamikia kila barua ulianzia hapo. Nyumbani nilisema niliteleza. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mpwa wangu, na nguvu ya kuazima ni hivyohivyo.

Nisikudanganye kwamba ukikataa utashinda. Huenda mchujoni wakatangulia waliochoma, nawe ukarudi umenuna. Lakini tazama ulichoniandikia mwenyewe, pembeni kabisa, kama jambo dogo: kile kilima cha mnara ulikuwa unakipanda kwa dakika thelathini na moja, sasa ni ishirini na saba na nusu. Sindano bado ziko ndani ya kiatu. Nani basi aliyekipanda? Mimi nimewatazama wakubwa kwa karibu kuliko unavyofikiri, na nakuambia hizo ni namba za mtu wa kuangaliwa.

Kwa hiyo lirudishe boksi. Usilitupe, lirudishe mkononi mwake, mchana, watu wakiwepo. Akikuuliza sababu mwambie mjomba wako ni mkaguzi wa mikojo na ana macho makali. Atacheka, nawe cheka, lakini usilichukue tena. Akikutoa kwenye klabu, andika jina lako mchujoni peke yako. Nimemuuliza Daktari, akasema sheria inaruhusu. Ukishalirudisha niandikie mstari mmoja tu. Kila nikitoka kazini nitapitia kwanza kwenye sanduku la barua.

Nisalimie bibi, mwambie haya alizonifundisha zimenitia matatani lakini nampenda vilevile. Msalimie shangazi fundi cherehani, na baba mdogo, na kaka yako dereva, aache kukutimulia vumbi unapofanya mazoezi. Dada yangu mwambie saa yake bado inakwenda vizuri. Mungu akupe pumzi ndefu na usingizi usio na deni la siri.

Msimu huku unafungwa tarehe ishirini Septemba. Tiketi nimekwisha kukata: tarehe ishirini na tano nitashuka hapo stendi, na tarehe tatu Oktoba nitakuwa nimesimama kwenye mstari wa kumalizia, na kizibao changu nitakuja nacho. Ukivuka wa kwanza au wa mwisho nitakusindikiza mwenyewe mpaka kwenye chupa. Na safari hii mlango ukifungwa, mimi nitakuwa ndani.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata ukishika mkia,

Winchi Mstaafu