Sombe ya Muzee wa Danemark

Riziki, mujukuu wangu,

Mutoto wangu sasa hivi amevaa kofia ya baba yake na kuniomba mukate kwa sauti ya muzee. Hapa Evere, huku kwa wazungu, tuko wazima. Usicheke nikikuita mujukuu: wewe ni mutoto wa mutoto wa kaka yangu, na ukoo hauangalii miaka.

Uliniuliza kama uache maigizo huko Lubumbashi, sababu wamekupa kucheza ombaomba na wenzako wanakucheka.

Bon, sikia. Mbele ya kuzaa nilikuwa nasafisha jumba la maigizo karibu na Porte de Namur. Siku moja nikakuta muzee muzungu amekaa kwenye ngazi, koti limepasuka, viatu vimefungwa kamba. Kwetu haupiti muzee mwenye njaa bila kumupa kitu. Nikamupa sombe yangu, majani ya muhogo niliyopika: "Papa, kula."

Alikula yote! Kisha akasimama wima, akacheka.

"Kwetu Danemark nimecheza wafalme, jukwaani na kwenye filamu, toka ujana. Huyu ombaomba ninayecheza leo usiku ndiye alinitia woga. Lakini kama wewe umeamini, Mama, nao watazamaji wataamini."

Usiku ule akanikalisha mbele. Aliponyoosha mukono pale jukwaani, mama mumoja kando yangu akafungua sakoshi yake atafute kitu cha kumupa.

Basi, Riziki, usiombe nafasi ingine. Nyoosha mukono vizuri, utaona hao wanaokucheka wata… Ngoja, mutoto anaita toka jikoni, "Maman, muzee ana njaa!" na unajua kwetu haupiti muzee mwenye njaa.