Kwa Baba, Mwalimu wa Darasa la Saba na Nusu

Mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Baba, Jumanne asubuhi, chai yako ikiwa bado ya moto. Tunaandika yale tu tuliyo na uhakika nayo.

Ulifundisha shule ya kanisa miaka thelathini na minane. Ulipoanza ilikuwa na madarasa manne, na la nne lilikaa kwenye mabenchi ya nyuma kanisani, likitolewa nje kila palipotokea mazishi. Uliiona shule ikichukuliwa na serikali, kisha ikirudishwa kwa kanisa. Uliona useremala ukiingizwa, ukiondolewa, na meza zake zikigeuzwa za kulia chakula. Mihtasari ya zamani hukuitupa. "Tulieni," uliwaambia walimu wenzako, "itarudi na jalada jipya." Ilirudi mara mbili.

Kabla ya kengele ulisimama mlangoni ukichonga penseli za wanafunzi kwa wembe. Nyumbani, hata orodha ya sokoni uliipitia kwa kalamu nyekundu.

Kisha, ukiwa sasa mwalimu mkuu, ukaja ule mwaka elimu ya msingi ilipopunguzwa kutoka miaka minane hadi saba. Waraka ulifika mwezi wa sita: darasa la saba lifanye mtihani wa mwisho mwaka huohuo pamoja na la nane, na asirudie mtu. Ukawapima. Ishirini na sita hawakuwa tayari. Hukuwaandikisha kwa mtihani huo. Uliwafundisha mwaka mmoja zaidi kwenye chumba cha mavazi ya padri, na katika daftari la mahudhurio ukaandika "Darasa la Saba na Nusu".

"Mwalimu Mkuu, darasa hili kwenye waraka halimo," mkaguzi alikuambia.

"Kweli halimo, bwana mkaguzi. Ila wanafunzi wamo humu. Karibu uwahesabu."

Aliwahesabu, akaandika. Ulivuliwa ukuu, ukapelekwa kufundisha darasa la kwanza, nasi tukapewa wiki mbili kuhama nyumba ya mwalimu mkuu. Mama alikuuliza jikoni, vyombo vikiwa vimefungwa: "Baba watoto, watoto wa watu umewapa mwaka. Wako umewapa nini?"

Ulibeba vyombo, ukavitoa nje. Tulikununia miaka mingi, Baba.

Mwezi uliopita tulikwenda shuleni, tukaomba kuona matokeo yao. Kati ya wale ishirini na sita, walifaulu ishirini na wawili. Shule jirani iliufuata waraka: kati ya arobaini na saba wa darasa lake la saba, walifaulu kumi na mmoja.

Mama aliisoma karatasi mara mbili. "Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Siku ile ulipomuuliza jikoni matokeo yalikuwa hayajatoka, Mama," dada mkubwa akasema.

Na yalipotoka, hakuna aliyekuuliza tena.

Tunaokukumbuka ni mkeo, wanao wanne, wakwe zako, wajukuu saba na mdogo wako fundi cherehani. Utuwie radhi, Baba. Tutakukumbuka siku zote.