Paneli Chini ya Mgrevilea

Jumanne, Julai

Jua la Meru halichomozi bila ruhusa yangu. Ndivyo nilivyomtambia mwekezaji leo, tukipanda kutoka Tengeru kwenda kuona paneli ya umeme wa jua niliyomfungia Mama Eliya, mkulima wa kahawa.

Tumefika, taa haziwaki. Mwekezaji, msomi wa watu, akaanza kuorodhesha hatari za biashara: mawingu ya Julai, betri, kodi.

"Shikamoo mama. Umeichezea hii?"

"Marahaba. Niichezee mimi, na umri huu? Angalia juu, fundi. Ulifunga nikiwa nimetoka kupogoa huu mti wa mgrevilea. Matawi si yamerudi?"

Mwekezaji akafunga daftari. Hela yake hataiweka tena kwenye biashara yetu.

Siku ile nafunga, mama alinionya kuhusu kivuli. Nikamwambia aniachie, mimi ndiye fundi.