Mafuta Yaliyoganda Mwezi wa Saba

Jumatatu, 7 Julai

Ukungu mpaka saa tatu. Nimezungusha hendeli hadi bega likauma. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Nikafungua tangi. Mafuta yamekuwa meupe, mazito kama samli. Nimetia kijiti, kikasimama chenyewe.

Ni mafuta ya kupikia yaliyotumika. Tunayanunua kwa vibanda vya chipsi, tunayachuja kwa kitambaa. Mume wangu Yusuf aliitengeneza mashine yetu ya kusaga ikakubali kula hayo, maana dizeli haishikiki bei. Na ilisaga kila mwaka, baridi au joto. Hii ndiyo Julai ya kwanza bila yeye. Sikuwahi kuona mafuta yakiganda. Alikuwa anatoka mapema, mimi nabaki na chai na kuku. Nikifika huku mashine inanguruma.

Wateja wamechungulia, wamebeba mahindi yao hadi kwa kisiagi cha stima kule sokoni. Siwalaumu. Watoto wanataka ugali.

Jumanne, 8 Julai

Nimeanika mitungi ya mafuta nje ipate jua. Jua halikutoka mpaka mchana. Mafuta yalipoyeyuka na mashine kuwaka, ilikuwa jioni na hakuna mtu. Nikasaga debe langu mwenyewe ili nisikie sauti.

Amina amepiga simu kutoka Mwingi. Binti yangu ana neno moja tu siku hizi: rudi nyumbani. Anasema huku Mukuyuni nimebaki kufanya nini, katikati ya watu wa baba yake ambao hawanitembelei. Anasema Mwingi hata asubuhi hulali na blanketi. Kweli. Nimezaliwa kule, duka la baba lilitazama barabara ya Garissa, vumbi la malori likituingia kwa sukari. Lakini duka liliuzwa. Nitarudi kwa nani? Kwa wakwe zake Amina, nikae kwa kiti cha mgeni?

Nyumba imenyamaza sana leo.

Jumatano, 9 Julai

Fundi wa pikipiki kwa stendi ameniambia nichanganye na mafuta ya taa. Nimechanganya, nadhani nimezidisha. Mashine imewaka, halafu ikaanza kugonga ndani kama mtu anapiga bati kwa nyundo. Moshi mweupe. Nimeizima haraka. Ikivunjika hiyo, nimekwisha.

Leo nimemkasirikia Yusuf kwa kufa. Nimesema kwa sauti, hapo peke yangu, unga umenijaa kwa nyusi.

Kalondu angekuwepo angecheka. Yeye huuza uji mlangoni kwa mashine yangu, kila asubuhi, jiko lake na mtungi wake. Muumini wa kanisa la pale juu, mimi Mwislamu kutoka Mwingi, na tangu nilipoolewa hapa ndiye rafiki niliyepata. Sasa amelazwa hospitali ya mji wa Wote. Damu, wanasema. Wengine wanasema figo. Hakuna anayeniambia vizuri.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefunga mashine, nimeenda Wote kumwona. Amekonda. Mikono imebaki mifupa na pete. Lakini alinitambua kabla sijafika kitandani, akaniuliza mbona nanuka mafuta ya taa hospitalini.

Nikamweleza. Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema polepole, kwa Kikamba, nami nayaandika vile nilivyoyashika:

"Mama Amina, Mutua hakuwa anawasha na mafuta ya chipsi. Kuna kopo dogo la dizeli pale juu ukutani. Alikuwa anawasha na hiyo. Mashine ikishapata moto sawasawa ndiyo anageuza ile koki, mafuta mengine yanaingia."

Watu wa hapa wanamwita Yusuf jina lake la zamani, la kabla hajasilimu. Nikamuuliza amejuaje.

"Nilikuwa nimekaa pale nikingoja uji uchemke. Ningeangalia nini kingine?"

Akapumzika. Halafu akaongeza kwamba jioni, kabla ya kuzima, Yusuf aligeuza koki tena, mashine ikanywa dizeli kidogo ndiyo izimwe. Ili mafuta mazito yasilale ndani ya mabomba. Baridi ikiyakuta humo, asubuhi ni kilio.

Nimemlisha ndizi nusu. Hakutaka niondoke. Sikutaka kuondoka. Muuguzi akasema saa za wageni zimekwisha.

Jumamosi, 12 Julai

Kopo lipo. Nimelipita kila siku nikidhani ni la grisi kuukuu. Koki ipo, imefunikwa na unga uliogandamana. Nimesafisha kila kitu. Nimemwaga mchanganyiko wa mafuta ya taa. Nimenunua dizeli safi kidogo, nikajaza kopo.

Imewaka. Nimeiacha ikimbie. Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini Yusuf alipitisha bomba la moshi chini ya tangi kubwa: mashine inajipashia chakula chake. Nimeweka kiganja kwa tangi mpaka nikasikia joto. Nikageuza koki. Haikukohoa hata kidogo.

Nimempigia Kalondu. Simu imezimwa.

Jumapili, 13 Julai

Kalondu amefariki. Leo alfajiri.

Jumanne, 15 Julai

Matanga kwa Kimeu, mumewe. Nimekaa na wanawake, nimechambua maharagwe. Wananisalimia vizuri, kisha wanarudi kwa nyimbo zao na mimi sizijui. Hakuna aliyenikosea. Ni kwamba nikinyamaza hakuna anayegundua.

Kamati ilikuwa inapanga chakula cha mazishi. Mama Ndinda, mkubwa wa kina mama wa kanisa, akasema mahindi yapelekwe kwa kisiagi cha stima. Nikasema nitasaga mimi. Akanijibu kwa upole kwamba wamesikia mashine yangu imelala wiki nzima, na siku ya mazishi haijaribiwi. Ana haki. Watu watatoka mbali, mpaka Kibwezi kwa dada wa marehemu. Wakikosa ugali ni aibu ya boma, si yangu.

Nimesema tena.  Sina wimbo wa kumwimbia Kalondu. Sina sala ambayo watanipa nafasi niiseme pale kaburini. Nina mashine tu.

 Kimeu akainua kichwa.

"Mahindi ya Kalondu yatasagwa pale alipokuwa anakaa."



Ijumaa, 18 Julai

Naandika na vidole vinauma.

Baridi ya leo sijaiona tangu nije Makueni. Ukungu umelala barabarani, huoni hata kanisa. Magunia yaliletwa na mkokoteni, na Mama Ndinda na wanawake wengine wakaja nayo, wamejifunika leso mbili mbili. Wakasimama wanaangalia.

Nimewasha na dizeli. Imewaka. Nikamimina mahindi. Na kwa sababu walikuwa wanaangalia, nikafanya haraka. Nikageuza koki kabla tangi halijapata joto.

Ilisaga kidogo. Halafu sauti ikashuka, ikashuka, kama mtu anapanda mlima amebeba mzigo. Ikafa. Mahindi yamejaa kwenye mdomo wa mashine, mawe ya kusagia yamekaba, na mimi nimeshika koki kama mjinga.

Nilitaka kukimbia. Nilifikiria basi la Mwingi. Kweli nilifikiria.

Nikachutama, nikagusa bomba la mafuta. Baridi kama nyoka. Yameganda humo ndani. Filta nayo imejaa kitu kama mshumaa. Nikasema bila kugeuka: nataka maji moto. Mengi.

Mama Ndinda akaondoka. Nikadhani ameenda kwa kisiagi cha stima. Akarudi na sufuria ya maji ya chai ya waombolezaji, majani hayajatiwa bado, imefunikwa kwa leso, na mwenzake nyuma na nyingine. Tukafunga matambara kwenye bomba, tukamwagia. Filta nikaitumbukiza kwenye karai la maji moto, ikaachia uchafu wake. Mama Ndinda ndiye aliyeshika karai. Mikono ilimchomeka, hakuiachia. Nikaondoa mahindi kwenye mawe, nikarudisha koki kwa dizeli, nikatoa hewa kwenye bomba, nikazungusha hendeli. Mara ya kwanza, hapana. Mara ya pili, hapana. Nikapumzika. Mama mmoja akashika hendeli pamoja nami.

Ikawaka.

Nikaiacha ikimbie tupu. Wanawake wakaanza kutazamana. Nikawaambia siwezi kuiharakisha tena. Mama Ndinda akageuza ndoo, akaikalia.

"Tutangoja," akasema. "Hata ikifika saa sita."

Nikatoa kiganja na kukirudisha kwa tangi, nikatoa na kukirudisha. Lilipopata joto mpaka likanisukuma mkono, ndiyo nikageuza.

Imesaga magunia yote. Unga mweupe, laini, wa moto. Hawakusimama mbali tena, walikuja karibu na bomba la moshi kwa sababu ya baridi, wakazungumza habari za Kalondu. Jinsi alivyomfukuza mhubiri mlevi kwa mwiko. Sikuwa naijua hiyo. Nimecheka, kisha nikalia, na mashine ikafunika yote mawili.

Jumapili, 20 Julai

Jana amezikwa. Nilisimama nyuma. Udongo mwekundu, ulioloa. Waliimba muda mrefu. Nikasoma Fatiha moyoni. Sijui kama inafaa. Nimesoma.

Watu wamekula wakashiba. Dada yake wa Kibwezi, Syokau, alikuja kunishika mkono, akasema unga ulikuwa mzuri. Ana sauti ya Kalondu kabisa. Nikaushikilia mkono wake. Kisha akaitwa kwa gari.

Mwili wote unauma leo.

Jumanne, 22 Julai

Ukungu mdogo. Mashine imewaka sawasawa. Wateja wachache, wengine wameshazoea stima. Mlangoni, pale pa Kalondu, amekaa mwingine, msichana anauza viazi. Mpole. Anaweka redio.

Amina amepiga. Nimemwambia nitakuja kuwasalimia baridi ikiisha, nikae siku chache, nirudi. Akauliza nirudi kwa nani. Nimemwambia sijui. Akaniuliza kama nimekula.

Jioni nimegeuza koki, mashine ikanywa dizeli kidogo, nikaizima. Masikio yaliendelea kuvuma hata baada ya kimya. Nimekung'uta unga kwa leso. Nimefunga mlango.

Nimechemsha chai kwa sufuria ndogo ya mtu mmoja. Tangawizi nyingi.