Miche Kumi ya Baba

Buhembe,
Bukoba.
8 Septemba 2024

Mpendwa kaka Gozbert,

Pokea salamu nyingi. Naandika nikiwa hapa kwa shangazi Kokushubila. U mzima huko Windhoek? Kikohozi kimekuachia? Nyumbani Kishanda nimewaacha wote salama, na mama goti limepata nafuu.

Sasa sikia. Unakumbuka mwaka jana jeli yangu ya kutunza maji kwenye mizizi ilivyoniaibisha, ikakausha miche arobaini ya kahawa ya baba? Ilinyonya maji vizuri, lakini ikivimba ilipasuka vipandevipande, maji yakapotea. Baba hakunigombeza. Aling'oa mche mmoja mmoja, na tangu siku ile hakuniuliza tena habari za chuo. Nililia sana, kaka.

Nilirudi maabara Morogoro, nikaanza upya. Safari hii nilichanganya chembe za udongo ndogo mno, hata darubini ya kawaida haizioni. Nyuzi za jeli zinajishikiza kwenye chembe hizo. Ukizivuta zinanyooka, ukiziachia zinarudi. Michanganyiko kumi na tisa niliimwaga. Wa ishirini ukavutika mara nane ya urefu wake!

Juni, kiangazi kikianza, nikampelekea baba mikanda ya jeli hiyo. Akaushika mmoja, akauvuta mpaka mikono ikaishia, akauachia. Ukamchapa kidole! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba akasema, "Weka kwenye miche kumi. Kumi tu."

Jua la mwaka huu lilikuwa kali, hata migomba ilikunja majani. Miche yote arobaini aliyopanda upya, yenye jeli na isiyo nayo, ilimwagiliwa sawasawa. Jumamosi iliyopita tukaihesabu: ya jeli, yote kumi ina majani mapya; kati ya ile thelathini mingine, imepona kumi na mmoja tu. Tukafukua mmoja. Mkanda mzima, umejaa maji, mizizi imeukumbatia.

Baba akaniletea akamwani, zile buni kavu, nitafune kama mgeni wa heshima. Akasema, "Annastella, kile kipande cha shamba letu la kibanja karibu na kisima ni chako. Endelea na kazi yako."

Mimi, binti, kupewa ardhi! Nikapiga magoti. Lakini nikakumbuka ndipo ulipowekewa wewe ujenge. Nikamuuliza, "Na Gozbert je, taata?"

Akacheka. "Gozbert ndiye aliyeniomba nikupe. Kanipigia simu mara tatu."

Kaka, ulijua ukanyamaza! Asante sana. Mvua zikikolea napanda miche mia.

Shangazi na wanawe, Clavery na Renatha, wanakusalimu; nisalimie wifi Hellen. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Dada yako akupendaye sana,
Annastella