Bunda Naendaga

Musoma, 2 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umeamkaje huko Guta, na magoti yanasemaje? Huku hatujambo. Mke wangu Dorah anakusalimu, anasema zile karanga zako ziliisha kabla hajazitafutia kopo.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu siiamini. Vijana wa timu huishika wakapiga muziki, na siku hizi simwamini mtu anayeshika kitu changu huku anatabasamu. Barua ataileta Bernado, yule anayepeleka dagaa Bunda. Naye ana mdomo, kwa hiyo bahasha nimeibandika kwa ugali. Ukikuta imebanduka, ujue imesomwa.

Unajua mwezi ujao naacha raga. Tangu nilipotoka Nyegina nikiwa kijana sijavaa jezi nyingine ila ya Viboko. Mwanza waliniita, Dar es Salaam wakaniita, nikakataa mpaka baba akauliza kama nimerogwa. Kwetu kapteni ndiye hubeba gunia la jezi baada ya mechi, akazifua mwenyewe ziwani. Walioanzisha timu walisema anayeongoza watu ajue jasho lao linanukaje. Gunia hilo nilikuwa nimpe Dennis Makongoro, kijana niliyemlea tangu alipodhani mpira wetu wa yai ni mpira uliokaliwa na mtu.

Sasa sikia. Juzi nilimuuliza mbona Alhamisi haonekani. Akasema, "Kapteni, Bunda naendaga kusalimia watu." Halafu akajing'ata ulimi. Hakusema alienda, shangazi. Mtu wa pwani angelipita neno lile asilisikie, lakini mimi na wewe tunajua "naendaga" ni neno la mtu mwenye mazoea. Na mechi yangu ya mwisho ni dhidi ya hao hao Bunda.

Wewe Alhamisi unakuwa sokoni pale Bunda. Nichungulilie. Ni mrefu, sikio la kushoto limevimba kama kitumbua.

Mwanao,
Chrispin


Guta, 11 Oktoba 2024

Mwanangu Chrispin,

Marahaba. Magoti yananiuma nikikaa na yananiuma nikisimama, kwa hiyo nimeamua kutembea. Mihogo ipo, nyani wamechagua mizuri wakatuachia iliyobaki.

Bahasha ilifika imeshika. Ila mwambie Dorah barua hubandikwa kwa ugali wa muhogo. Wa sembe hukauka ukaachia wenyewe, kisha watu wakaanza kusingiziana.

Kijana wako nimemwona. Uwanjani hakuwapo. Alikuwa nyuma ya nyumba moja yenye ua wa minyaa, ameshika mpira wenu huo, na mwenye nyumba amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha. Nilimtambua mwenye nyumba kabla hajageuka. Ni Renatus wako, yule mliyekuwa mkila sahani moja.

Sijui walikuwa wanasema nini. Nakuomba usimalizie mwenyewe. Wewe tangu utoto ukipewa sato ulikuwa unachungulia wa mwenzako kama ana mayai.

Shangazi yako,
Jenoveva


Musoma, 15 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole na magoti. Sisi wazima wa mwili.

Renatus. Basi yote yamekaa mahali pake. Alioa Bunda, akahamia Bunda, hilo nilimsamehe. Lakini alivaa jezi yao, na mwaka ule ule akatufunga kwa penalti aliyoipiga akinitazama usoni. Tangu siku ile jina lake nimelipiga marufuku uwanjani kwetu. Sasa amemaliza kunichukulia mechi, anataka na mtoto niliyemlea.

Nimeanza kuona mengi. Dennis akipigiwa simu husogea pembeni. Wiki iliyopita aliniuliza mechi ya mwisho tutaanzaje. Kwa nini aulize? Nikimkuta anacheka na wenzake, wananyamaza. Nimelala na watu hawa kwenye mabasi na kwenye sakafu za madarasa, leo nahesabu nani amekaa na nani.

Muulize Renatus mwenyewe, lakini kwa akili. Usimwonyeshe kwamba nimekutuma.

Mwanao,
Chrispin


Guta, 25 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kabla ya yote: ukikuta bahasha imeachia usimlaumu Bernado. Muhogo wangu haujakauka, nimebandika kwa sembe.

Sikutumia akili yoyote. Nilibisha hodi, nikapewa chai, nikauliza. Dennis anafundishwa kupiga penalti, basi. Renatus goti limekwisha, hachezi tena, anamfundisha akiwa amekaa. Dennis mwenyewe alikuwepo, akaniambia hivi, nami nayaandika kama alivyosema:

"Shangazi, sisi mechi tunazipotezaga kwa kukosa mpigaji. Mpigaji aliyepo mkoa huu ni mtu ambaye kapteni hataki tumtaje. Ningeomba ruhusa, angekataa. Ningekaa kimya, tungefungwa kwenye mechi yake ya mwisho. Nikaona bora nimkosee yeye kuliko kuikosea timu."

Ukimuuliza yuko kwa nani hatakwambia, maana Renatus amemwapisha asimtaje. Anaogopa utamfukuza kijana kwa sababu yake. Kisha Renatus akaniuliza kama bado unafua jezi kwa mikono, na mgongo wako unaendeleaje. Nikanywa chai.

Zungumza na Dennis, mkiwa wawili tu.

Shangazi yako,
Jenoveva


Musoma, 30 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata ikiwa wazi, bahasha imeachama kama mdomo wa samaki mbuta. Bernado ameapa kwa watakatifu wote. Lakini Bernado ni jirani wa mama yake Dennis, na mtu anayeapa sana ana lake. Barua iliyosomwa na adui si barua tena. Sikuitoa hata ndani ya bahasha, nimeitupa juu ya kabati.

Nilimuuliza Dennis mbele ya timu nzima. "Bunda unaenda au huendi?"

"Naenda."

"Kwa nani?"

Akanyamaza. Nikamuuliza tena, akaangalia viatu vyake. Mwenye neno la haki angelisema. Nimemvua jezi pale pale. Wenzake hakuna aliyeinua kichwa, nami nimewaandika wote moyoni.

Gunia nimempa Alfonce, mchezaji mwenzao. Alilipokea kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani analia. Ni mtiifu, haendi popote.

Mechi ni Jumamosi tarehe tisa, Butiama, katikati yetu na wao. Njoo unione mara ya mwisho. Usimpe Bernado kitu kingine.

Mwanao,
Chrispin


Guta, 12 Novemba 2024

Chrispin,

Sisi wazima. Nyumbani kwako sina haja ya kuuliza, Dorah tulikaa naye Butiama.

Barua yako niliipata mkesha wa mechi, maana Bernado umemtukana na amesusa kubeba. Nilikupigia, simu umezima. Pale uwanjani nilikuita ukiwa unawapanga watu wako, ukanipungia mkono kama ninayekushangilia. Mechi ilipoisha ulipitia nyuma ya shule ukaondoka.

Nimeyaona haya. Mlikuwa nyuma kwa pointi mbili, mkapewa penalti ya pointi tatu mbele kabisa ya milingoti, mahali ambapo hata mimi na magoti yangu ningejaribu. Uliwatazama watu wako mmoja mmoja, hukumwamini hata mmoja. Ukapiga mwenyewe. Mpira ulikwenda kwa mbuzi.

Ambalo hukuliona ni hili. Dennis alikuwepo, amesimama upande wenu, amevaa shati la kanisani. Wakati wa mapumziko viongozi wa Bunda walimfuata wakamwambia kwao ana jezi siku yoyote anayotaka. Nilikuwa karibu. Alisema, "Mimi ni wa Musoma, hata wakinifukuza." Maneno hayo nilishawahi kuyasikia kwa kijana mwingine, siku watu wa Mwanza walipomfuata nyumbani kwa baba yake.

Panda juu ya kiti, shusha barua yangu, uisome. Nimekukasirikia.

Shangazi yako,
Jenoveva


Musoma, 20 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Natumaini hasira imepungua, hata kama magoti hayajapona.

Niliisoma. Mstari wa kwanza tu, ule wa sembe, ulinikalisha chini. Nimemwomba Bernado radhi. Amenisamehe na kuwahadithia watu wa soko zima.

Gunia nililichukua kwa Alfonce, na ndiyo mara ya kwanza nimemwona anacheka. Nikalipeleka kwa kina Dennis. Hakuwepo, au alikuwepo sijui, nikaliacha kwa mama yake na jezi zote ndani. Jumapili iliyofuata nilipotoka kanisani nilikuta gunia limerudishwa mlangoni kwangu. Jezi zimefuliwa, zimekunjwa, zinanukia sabuni. Nilizipekua, siwezi kujizuia, na namba kumi haipo.

Nilianza kusema kwamba ameiuza. Dorah alinitazama tu, nikafunga mdomo.

Shangazi, naona aibu na nina uchungu, ndiyo maana nakuuliza wewe. Amenirudishia gunia kwa kunikataa? Na jezi iko wapi?

Mwanao,
Chrispin


Guta, 31 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hasira imekwisha, magoti bado.

Namba kumi imetundikwa ukutani kwa Renatus, juu ya kigoda chake. Kijana aliipeleka mwenyewe. Unajua ilikuwa ya nani kabla hajahama, usinifanye nikwambie.

La gunia nimemuuliza. Amesema, "Gunia halipokelewagi kwa mama. Kapteni anakupaga mkononi." Kuzifua alizifua kwa sababu zilikuwa chafu.

Hajakukataa. Ana adabu kukushinda. Na Alhamisi unajua anakopatikana.

Shangazi yako,
Jenoveva


Musoma, 14 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na karanga usimpe Bernado, nitazifuata mwenyewe.

Siku ile ya kwanza nilisimama nje ya ule ua wa minyaa kwa muda mrefu, gunia begani, nikisikia wanavyocheka ndani na kujiuliza wananicheka mimi. Labda kweli walikuwa wananicheka. Nikaingia. Renatus hakuweza kuinuka, akanisogezea kigoda kwa ule mguu mzima. Dennis alipokea gunia kwa mikono miwili, akauliza kama namba kumi nimeitafuta. Nikasema ndiyo. Renatus akasema alijua tu.

Hatukuzungumza ya zamani. Tulimtazama kijana akipiga mpira mpaka watoto wa jirani wakachoka kuufuata.

Jana Dorah aliniuliza, macho ameyakaza, mbona siku hizi Alhamisi sionekani Musoma. Nikamwambia Bunda naendaga.

Mwanao,
Chrispin