Utenzi Uliopeperushwa na Feni

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri kanipa utenzi uliotungwa na mkunga mstaafu, niuhakiki kwa gazeti la Jumapili. Karatasi hazina pini wala namba! Nimeziacha mezani, nimekwenda kuoga. Nitaanza kesho.

Jumatano, 5 Machi
Loo! Mume wa mkunga anazikwa ukurasa wa kwanza, anaugua katikati, na mwishoni kabisa yuko arusini, anacheza na kumkanyaga bibi arusi vidole. Nimecheka, nimelia, chai imepoa. Nimeandika: "Mshairi ameupindua wakati kwa makusudi." Makusudi! Nimejipongeza kwa keki.

Jumapili, 9 Machi
Uhakiki umetoka, jina langu kubwaa! Mama kausoma mara mbili, halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Eti Jumatatu ile nilipokuwa naoga, feni ilizitawanya karatasi, naye akaziokota akazipanga kwa kubahatisha.
"Si hukuniuliza, mwanangu?"
Nimetamani ardhi ipasuke. Jioni nimeusoma kwa mpangilio wake: arusi, ugonjwa, kaburi. Mzuri. Ila sikulia.

Jumanne, 11 Machi
Mkunga kanipigia simu! Nilijiandaa kutukanwa. Wapi! Kasema miaka yote alihisi utenzi wake una kasoro asiyoijua, mpaka aliposoma gazeti. Kamlazimisha mchapishaji aupange upya, vilevile nilivyousifu. Uzinduzi Jumamosi. Nipande jukwaani niwaeleze watu nilivyogundua siri ya mpangilio huo. Nikaitika, "Sawa, mama." Mdomo huu! Nikisema kweli, mhariri hatanipa tena hata matangazo ya vifo. Nikinyamaza, nakula sifa za feni.

Jumamosi, 15 Machi
Naandika nikiwa chooni, ukumbini. Mkunga kaanza na kaburi, kamaliza na arusi. Watu wamelia palepale nilipolia, wamecheka palepale nilipocheka. Kisha kaniita. Nimesingizia tumbo. Mama yuko mstari wa mbele, kapendeza; nimemwapisha asifungue kinywa.
Naona aibu, lakini raha ya kuusoma niliipata kweli. Hiyo haikuwa ya feni, ilikuwa yangu. Basi niseme yote mawili, feni na raha yangu. Haya, natoka—
Ngoja. Kipaza sauti. Mkunga anauliza kama yupo ndugu wa mhakiki, aje aseme neno wakati wananisubiri. Makofi. Mtu anakohoa. Kikohozi hicho nakijua!
"Jamani, mimi ndiye mama yake. Sasa, siku ile alikuwa anaoga—"